Saa na Kosa Lake

Watu wengi hudhani kuwa saa ya kuaminika ni ile isiyokosa kamwe. Wapima njia wa ndege, waliovuka bahari kuu kabla ya setilaiti kuwako, walikuwa na rai nyingine, na uhai wa wenzao ulitegemea rai hiyo.

Dunia huzunguka digrii 15 kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo, katika Ikweta, kosa la sekunde 4 tu ni sawa na maili moja ya bahari. Mpima njia aliyepima urefu wa nyota kwa sekstanti, huku saa yake imekosa nusu dakika, aliweza kujiweka katika ramani maili 7 na nusu mbali na mahali alipokuwa. Kwa rubani atafutaye kisiwa kidogo, na mafuta yanakaribia kwisha, hilo si jambo la mzaha.

Charles Lindbergh, baada ya kuruka peke yake toka New York hata Paris mwaka 1927, alijifunza elimu hii kwa Weems, ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Weems alibuni saa ambayo duara la sekunde usoni pake liliweza kugeuzwa hata lipatane na mlio wa redio, bila ya kuisimamisha. Lindbergh akaongeza maarifa yake, na mwaka 1931 kampuni ya Longines ikatoa saa ya mkono iliyoonyesha digrii pamoja na wakati.

Lakini saa iliyozidi sekunde 3 leo, kesho na kesho kutwa, ilikuwa hazina: mpima njia aliandika kosa lake daftarini, akalitoa katika hesabu. Iliyozidi 2 leo na kupungua 2 kesho haikufaa kitu, hata kama mwisho wa juma ilionekana sawa.

Je, na mtu ni vivyo hivyo? Wako watakaojibu upesi kuwa mwenye ila ya daima ni bora kuliko kigeugeu. Mimi sikubali kwa wepesi huo. Mlevi wa kila siku ila yake yajulikana na wote, wala hapewi usukani kwa ajili hiyo. Kosa la saa huondolewa kwa kalamu. La mtu humwangukia mwingine. Tena saa haina haya wala hila, basi tuisifu kwa lipi? Namsifu zaidi yule aliyeandika "imezidi 3" usiku, hapana amwonaye, hali angaliweza kuandika 1 ili saa aipendayo isikataliwe.

Siku hizi ndege huongozwa na setilaiti zenye saa za atomu, zilizo sahihi kupita zote za zamani. Hata hizo hupimwa kutoka ardhini, na kosa la kila moja hutangazwa katika mawimbi yale yale yaletayo wakati.