Kinga Iwezayo Kudhuru

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Neno hilo hatulikanushi. Lakini yafaa tujiulize: kinga yenyewe ikiwa na madhara, ni nani mwenye haki ya kuikubali?

Tuseme mtu amevunjika paja, naye amelazwa hospitalini Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Alalaye siku nyingi bila kutembea, damu huweza kumganda katika mishipa ya mguu. Na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, huweza kumwua ghafla. Kwa sababu hiyo madaktari wa nchi nyingi huwadunga wagonjwa wa namna hiyo heparini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani. Lakini dawa izuiayo damu kuganda haichagui mahali. Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyetokwa na damu karibuni, au mwenye figo dhaifu, aweza kuvuja damu tumboni, au hata ubongoni.

Hapa pana fumbo la maadili. Aliyeokolewa na kinga hajui kwamba ameokolewa, kwa kuwa ugonjwa haukumfika. Bali aliyedhuriwa huonekana na wote. Tukifuata macho tu, tutaiacha dawa kwa kuogopa lawama. Tukifuata hesabu tu, tutamdunga kila alalaye kitandani. Njia zote mbili zamsahau mwenye damu. Daktari ndiye apimaye hatari. Lakini mwili ni wa mgonjwa, na ridhaa ni yake.

Na ridhaa haipatikani pasipo maneno. Huko Bwera mgonjwa aweza kuwa msemaji wa Lukonzo, au mtu aliyevuka kutoka Kongo na Kiswahili chake. Akiambiwa kuwa hii ni “dawa ya kuifanya damu nyepesi”, atadhani damu yake yatiwa maji, wala hatajua kwamba akipata choo cheusi yampasa kusema mara moja. Akielezwa kuwa dawa hii huchelewesha damu kuganda, ataelewa faida yake na hatari yake kwa pamoja.

Basi, walimu wenzangu, kazi yetu si sarufi tupu. Tumfundishapo kijana wa Kasese kueleza jambo kwa usahihi, huenda twamwandaa mwuguzi ambaye kesho atamwambia mgonjwa ukweli, ili akubali au akatae hali akijua.