Kiburi cha Kuandika Namba

Mwaka 1974 mwanafizikia Daniel Freedman alichapisha makala kuhusu nyutrino, chembe inayoweza kupenya dunia nzima bila kugusa kitu. Alisema nyutrino yenye nishati ndogo inaweza kukigonga kiini cha atomi kikiwa kizima, si protoni moja au nyutroni moja ndani yake. Kisha akakiri kwamba kupendekeza jambo hilo lipimwe huenda ni kiburi.

Alikuwa na sababu. Kwa viini vizito, mgongano wa namna hii hutokea mara nyingi kuliko mingine ya nyutrino hizo, lakini kiini kilichogongwa hutikisika kidogo mno, kama lori lililorushiwa punje ya mtama. Nani angeusikia mtikisiko huo?

Jibu lilichapishwa mwaka 2017, miaka 43 baadaye. Katika ushoroba wa chini ya jengo kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, watafiti wa COHERENT waliweka fuwele ya seziamu na iodini yenye uzito wa kilo 14.6, mita 20 hivi kutoka kwenye zebaki inayopigwa kwa protoni na kuzaa nyutrino. Baada ya miezi 15 hivi walipata migongano ipatayo 134. Basi.

Neno lile, kiburi, limenisumbua. Nikiwa chuoni niliandika pendekezo la utafiti lenye sentensi moja ya kuthubutu, iliyotaja kiasi nilichotarajia kukipata. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha nikaifuta, nikaandika kwamba "huenda kuna uhusiano fulani". Nilisifiwa kwa unyenyekevu. Nikafaulu.

Sasa naona ule ulikuwa woga. Sentensi yangu mpya isingeweza kuonyeshwa kuwa si kweli, hata ingepimwa kwa miaka 43. Mwenye kiburi hufunga mlango wa kusahihishwa. Mimi niliufunga kwa adabu. Freedman aliuacha wazi: aliandika hesabu ambayo mtu asiyemjua angeweza kuipima na kumuumbua.

Utasema ni rahisi kumsifu kwa kuwa alipatia. Je, angekosea? Nadhani uadilifu wake ungebaki uleule. Ulikuwa umeshakamilika mwaka 1974, kabla ya mgongano wa kwanza kuhesabiwa.

Sentensi niliyoifuta bado naikumbuka, pamoja na namba yake. Sijui kama ilikuwa sahihi. Sikumwachia mtu nafasi ya kuniambia.