Mlango wa Jamsetji Tata

Mtu aliyefukuzwa mlangoni, naye akaenda akajenga nyumba kubwa kuliko ile aliyokataliwa, je, amemshinda aliyemfukuza au amemwiga? Swali hili hunijia kila nisomapo habari za hoteli ya Taj Mahal ya Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai.

Husimuliwa kwamba Jamsetji Tata, Mparsi tajiri mwenye viwanda vya nguo, alizuiwa kuingia hoteli ya Watson iliyokuwa ya Wazungu watupu, akaapa kujenga yake. Wako wanahistoria wanaokitilia shaka kisa hicho, nami siwashangai. Ni kitamu mno. Lakini ubaguzi wenyewe haukuwa hadithi, na hoteli ilifunguliwa kweli tarehe 16 Desemba, 1903, ikiwaka taa za umeme, ikitazama bahari. Lile Lango la India lililo mbele yake, ambalo watalii hawachoki kulipiga picha, lilikamilika 1924. Mfalme George V aliposhuka pale mwaka 1911, hoteli ya Mhindi ilikuwa imekwisha kusimama ikimngoja.

Hayo hunifurahisha, kwa kuwa nami ni mtoto wa nchi iliyotawaliwa. Ila furaha hukwama nikimfikiria mfagiaji wa Bombay wa mwaka ule. Watson alimkataa kwa rangi yake. Tata hakumwuliza rangi. Alimwuliza ana kiasi gani mfukoni. Mfagiaji alibaki nje kulekule.

Rafiki yangu mmoja hubisha: fedha zaweza kutafutwa, ngozi haibadiliki. Hoja nzito, siikatai. Lakini wengi hufa hawajazipata, na mlango wa bei una hila moja ambayo ule wa rangi haukuwa nayo: aliyezuiwa huona aibu yeye, badala ya aliyemzuia.

Halafu ikaja Novemba 2008. Watu wenye bunduki waliivamia hoteli, na kwa siku tatu ikawa uwanja wa vita. Wapishi na wahudumu, waliozijua njia za nyuma, waliwaongoza wageni kutoka. Baadhi yao waliuawa wakifanya hivyo. Sidhani kama wengi wao wangeweza kulipia chumba cha usiku mmoja. Nikiulizwa hoteli ile ni ya nani, huwataja hao kwanza, kisha ndipo Tata.