"Mtu" Ni Nani Mbele ya Sheria?

Kiswahili kina jambo la kujivunia. Ukisema "yeye amelima," hakuna ajuaye kama ni Asha au Juma. Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke, na sheria zetu nyingi zilizoandikwa kwa lugha hiyo zilimtaja mwanamume, mwanamke akahesabiwa kuwa yumo humohumo. Mwaka 2021 Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, wenzangu walishangilia: sasa ngoma droo, mtu ni mtu!

Mimi nasita. Njoo kwetu Fukayosi umkute mama anapalilia muhogo. Muulize shamba la nani. Atakujibu, "Mwenyewe hayupo, katoka." Mwenyewe ni mumewe! Neno halina jinsia hata chembe, lakini kila mtu pale anajua anasemwa nani. Sheria ikiandika "mwenye shamba" ikaishia hapo, imeandika jina la baba bila kujua.

Basi sheria imtaje mwanamke waziwazi? Hapo napo pana mtego. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimtaja: mvulana aoe akitimiza miaka 18, msichana aweza kuolewa na 15 wazazi wakiridhia. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ilimtaja: baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Ingesema "watu saba" tu, mnajua wangekaa akina nani.

Kwa hiyo swali si kumtaja au kutomtaja. Swali ni: neno hili likifika kijijini, litamkuta nani amekaa wapi? Kumtaja ili apunguziwe utoto ni dhuluma. Kumtaja ili apate kiti alichonyimwa ni haki. Wapo watakaosema huo ni upendeleo. Jamani, watatu kwa saba bado ni wachache!

Sisi tunaojifunza kuandika hadithi tunalijua hili. "Mtu mmoja" hajawa mhusika mpaka useme kabeba nini, na anamwogopa nani. Anayeandika sheria naye aanzie hapo.