Talaka ya Mahakamani na Meza ya Bwana



Mama mmoja wa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, ameuliza: mumewe akipewa talaka mahakamani Voi, je, atafukuzwa nyumbani mikono mitupu na kunyimwa Komunyo?

Mama, kwanza nyumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mke wala mume kutolewa katika nyumba ya wanandoa bila amri ya mahakama. Kulima, kulea watoto na kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango wako. Lakini usidhani kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba kila mmoja hupata kadiri ya alivyochangia. Basi tunza stakabadhi zako, hata ile ya mabati!

Kuhusu Komunyo, talaka ya serikali haivunji kifungo cha sakramenti. Aliyeachwa asiolewe tena hajatengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya talaka hiyo. Kuolewa na mwingine ni habari nyingine: lazima mahakama ya Kanisa iamue kwamba ndoa ile haikuwa halali tangu mwanzo. Hapo mwone paroko.

Na wewe unayepigwa, unayeambiwa uvumilie? Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inakuruhusu kutengana na mwenzako anayehatarisha maisha yako au ya watoto, na kama kuchelewa ni hatari, huhitaji kungoja ruhusa ya Askofu. Ondoka na watoto leo. Paroko utamwona kesho.