Ni Akiba Ipi Isiyooza?

Wazee wetu walituachia neno fupi: akiba haiozi. Neno hili twawafundisha watoto shuleni, nao hulikariri bila kusita. Walakini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, twasoma habari za akiba iliyooza. Waisraeli waliagizwa waokote mana ya kuwatosha siku moja tu. Wengine hawakusikia, wakaisaza mpaka asubuhi, nayo ikaingia mabuu na kunuka. Basi, tumwamini nani? Wazee wetu, au habari za jangwani? Au labda ziko akiba mbili, moja yenye kuoza na moja isiyooza?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, watu wengi walilijibu kwa matendo kabla hawajalifikiri, na wengine waliumizwa na majibu hayo. Magonjwa mengine na njaa nyingine zaweza kuja. Kwa hiyo yatupasa kulitafakari sasa, wakati mioyo yetu imetulia.

Na tukumbuke kwanza yaliyotukia. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na wa kwanza katika Tanzania tarehe 16 Machi. Mara habari ilipotoka, watu wa Nairobi wenye fedha walifurika katika maduka makubwa, wakabeba unga, mchele, sabuni na dawa ya kutakasa mikono. Bei ya dawa hiyo ikapanda, hata Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaamuru duka moja liwarudishie wanunuzi fedha walizotozwa kupita kiasi. Katika Australia na Uingereza watu waligombania karatasi za chooni, ingawa karatasi haimponyi mtu homa, na wenye maduka ikawalazimu kuweka mpaka wa kiasi ambacho mtu mmoja aweza kununua. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, ndugu wawili walikusanya chupa 17,700 za dawa ya mikono ili waziuze kwa faida. Walipofungiwa soko na kulaumiwa na watu, wakazitoa bure.

Yako na mazito kuliko hayo. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba barakoa na mavazi ya kujikinga yalikuwa yakiwapungukia waganga na wauguzi, na kwamba kununua kwa hofu na kuhodhi vilikuwa miongoni mwa sababu zake. Bei ya barakoa za hospitali ilikuwa imepanda mara sita. Kadhalika dawa iitwayo hydroxychloroquine ilivumishwa kuwa yatibu korona, jambo ambalo majaribio ya baadaye yalilikanusha. Watu wakaikimbilia, hata ikaadimika katika Marekani, na wagonjwa wa lupasi, walioihitaji kila siku, wakahangaika kuitafuta. Hapo mwenye afya alikuwa ameshika kwa mkono wake dawa ya mgonjwa, naye alijiona mwenye busara.

Hata hivyo tusiwahukumu wote hukumu moja. Mlanguzi anunuaye ili auze kwa bei ya kunyonga hafanani na mama awaonaye wanawe na kuogopa. Moyo wa mama huyo si mbaya. Lakini hofu, hata ikitoka katika moyo mwema, yaweza kuzaa upungufu usiokuwapo. Tufanye mfano wa kijiji chenye nyumba ishirini na duka moja. Kila juma mwenye duka huleta vipande ishirini vya sabuni, na kila nyumba hununua kimoja, hakuna akosaye. Siku moja waja uvumi kwamba sabuni itakwisha. Nyumba tano zenye fedha zanunua vipande vinne vinne. Jioni ile duka ni tupu, nyumba kumi na tano hazina sabuni, na uvumi uliokuwa uongo asubuhi umekuwa kweli.

Wala zile nyumba tano hazikupata salama. Nyumba zote ishirini huchota katika kisima kimoja, hushika mlango mmoja wa kanisa, na watoto wao huketi benchi moja shuleni. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia kwa jirani aliyekosa sabuni, hautakawia kuingia kwa yule aliyejaza sabuni kabatini.

Na jambo hili likitendeka juu ya chakula, laweza kuua watu wengi. Mwaka 1943 watu wapatao milioni mbili hata tatu walikufa kwa njaa na maradhi katika Bengal, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Kiingereza. Amartya Sen, aliyeiona njaa ile akiwa mtoto wa miaka tisa, na baadaye akawa mtaalamu mkubwa wa uchumi, aliandika katika mwaka 1981 kwamba chakula cha mwaka ule hakikupungua kwa kadiri ya kuleta msiba mkubwa hivyo. Vita vilikuwa vimepandisha bei. Wenye mchele wakauficha wakingoja bei izidi, na wenye fedha wakanunua kupita haja yao. Vibarua wa mashamba na wavuvi, ambao ujira wao haukuweza kuifuata bei, ndio waliokufa. Wako waliobishana na hesabu zake, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba mchele uliofichwa ulimfaa mwenye njaa.

Je, baada ya kusikia haya tuseme kwamba kuweka akiba ni dhambi? Wako Wakristo wasemao hivyo. Husema kwamba Bwana alitukataza kuisumbukia kesho, kwa hiyo mwenye ghala hana imani. Sisi hatukubaliani nao. Mkulima asiyeweka mbegu hawezi kuomba mvua, maana hana cha kupanda; na hakuna aliyepata kumwambia kwamba mbegu zake ni kukosa imani. Katika Mithali tumetumwa kwa chungu tukajifunze, kwa kuwa hukusanya wakati wa mavuno. Kilichokatazwa ni moyo kusumbuka na kuifanya ghala kuwa mungu, kama yule tajiri wa Luka 12 aliyezungumza na nafsi yake tu, asimkumbuke Mungu wala jirani.

Sasa turudi kwenye mana. Sura ile ile yatuambia kwamba siku ya sita watu waliokota maradufu kwa ajili ya sabato, nayo haikuoza. Mana ni ile ile, na vyombo ni vile vile. Tofauti ilikuwa katika wakati wake, kadiri yake, na utii wa mwenye kuiweka. Kwa hiyo twaona kwamba akiba yapaswa kuulizwa maswali matatu.

Swali la kwanza: imewekwa wakati gani? Yusufu alitenga sehemu moja katika tano ya mazao ya Misri katika miaka saba ya shibe, si siku njaa ilipogonga mlango. Anunuaye mahindi wakati wa mavuno hamnyang'anyi mtu. Tena humfaa mkulima anayetafuta mnunuzi. Anunuaye gunia lile lile siku ya hofu hulitoa katika sufuria ya jirani. Mtu atauliza, “Na kama hofu imekuja nami sina kitu nyumbani, niwaache watoto wangu?” La. Nunua ya juma moja, uwaachie wengine, kisha urudi juma lijalo. Ukichukua kadiri hiyo, mwenye duka atapata nafasi ya kuleta tena.

Swali la pili: ni kadiri gani? Jangwani kila mtu alipimiwa kwa hesabu ya vichwa vya hemani mwake, si kwa nguvu za mikono yake. Wengi hununua kupita kiasi kwa kuwa hawakupata kuhesabu. Watoao posho kwa wakimbizi hukadiria gramu 400 hivi za nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, na gramu 60 za kunde au maharage. Nyumba ya watu sita, kwa siku 14, yahitaji basi karibu kilo 34 za nafaka, yaani kama madebe mawili ya mahindi, na kilo 5 za maharage. Ongeza mafuta ya kula yasiyofika lita tatu, chumvi isiyofika nusu kilo, sabuni, kiberiti, na dawa za mgonjwa wa nyumbani kama alivyoandikiwa na daktari. Weka na sukari kidogo kwa ajili ya mtoto atakayeharisha: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Vitu hivi vyaweza kukusanywa polepole, kibaba kwa kibaba, wala havitamshtua mwenye duka yeyote.

Na hapa neno la kuoza lina maana yake ya wazi kabisa. Mahindi yasiyokauka vema hupata kuvu yenye sumu, na dumuzi huyageuza kuwa vumbi. Yakaushe sana, yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, ule ya zamani kwanza, kisha ujaze pengo. Mwenye kuweka kwa kadiri aweza kuitunza akiba yake; mwenye kuhodhi huweka nyingi asizoweza hata kuzigeuza.

Swali la tatu: ni kwa ajili ya nani? Katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, nabii Agabo alitabiri kwamba njaa kuu inakuja. Wanafunzi wa Antiokia walisikia habari ile kabla ya njaa, kama sisi tunavyosikia habari za magonjwa. Hawakukimbilia soko, bali kila mmoja, kwa kadiri ya alichokuwa nacho, alitoa msaada upelekwe kwa ndugu wa Uyahudi. Sisi tulio wengi, tusikiapo habari mbaya, huuliza, “Nitapata nini?” Wao waliuliza nani atapungukiwa.

Huenda mtu akatujibu kwa mfano wa wanawali kumi, maana wale wenye busara hawakugawa mafuta yao. Twaona kwamba mfano ule wahusu utayari wa moyo siku ya kuja kwake Bwana, na utayari huo hauazimwi. Lakini unga waazimwa. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga, naye akampa Eliya kwanza.

Tena tusisahau kwamba wako majirani wasioweza kuweka akiba hata wakitaka. Kibarua apataye ujira wa leo na kuula leo hatapona kwa mahubiri yetu juu ya chungu. Kwa ajili ya hao twashauri kwamba kila mtaa uwe na ghala ndogo ya ushirika, na kila nyumba ilete kibaba kimoja au viwili wakati wa mavuno. Wachaguliwe wazee wawili na mama mmoja wa kuitunza, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Jambo hili lafaa kuanzwa mwaka wa shibe, kwa kuwa mwaka wa njaa kila mkono huwa umefumbwa.

Basi wazee wetu hawakukosea, wala habari za jangwani hazipingani nao. Akiba iliyowekwa kwa wakati wake, kwa hesabu ya vichwa, na mlango wake ukiwa wazi kwa jirani, haiozi. Kila mwenye nyumba na ahesabu watu wake usiku huu, kisha aongeze kichwa kimoja juu ya hesabu hiyo: cha yule atakayekuja kubisha hodi.