Kula Baina ya Chakula na Chakula

Katika mambo ambayo mtu huyatenda kila siku asiyahisabu kuwa ni mambo ni kile kidogo kiliwacho barazani baina ya alasiri na isha: kashata mbili kwa kikombe cha kahawa, kipande cha halua, kisha bajia apitapo muuzaji. Akiulizwa amekula nini leo, atataja chai ya asubuhi, wali wa mchana na mkate wa usiku. Hicho cha barazani hakitaji. Wala hakusudii uwongo, amekisahau kweli.

Hapana asemaye kuwa kashata ni haramu, na kumkirimu mgeni kwa tende na kahawa ni ada njema. Katazo lililomo katika Sura ya Al-Aaraf si la kula, ni la kupita kiasi. Basi kisichohisabiwa kitajulikanaje kuwa kimepita kiasi? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari itiwayo katika vyakula na vinywaji isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, nayo kwa mtu mzima ni kadiri ya gramu 50. Na halua ni sukari, wanga na samli.

Huenda mtu akasema, "Lakini ni njaa." Na ajibiwe na Ramadhani. Mtu yule yule hukaa mwezi mzima tangu alfajiri hata magharibi pasi na tone la maji, na kazi yake akaifanya. Lau ile ya saa kumi ni njaa khasa, ingalimshinda mwezi huo. (Mgonjwa aliyeamriwa na tabibu ale kidogo kidogo hamo katika maneno haya, wala hamali aliyeshinda na magunia.)

Na zito zaidi li nyumbani. Mke amepika, watoto wamengoja. Baba aingia, amega matonge mawili, asema amechoka. Mchuzi haukuwa na samaki, na thamani ya samaki imeliwa barazani. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapuuza wale ambao chakula chao ki juu yake.

Wako wazee ambao kashata zao huzifunga katika karatasi wakarudi nazo, zikaliwa baada ya chakula, kila mtoto kipande. Sukari ni ile ile, ila hapo mama wa nyumba huiona, na yeye huhisabu.